Jibu: Urafiki wa paka mweusi na mbwa wa jirani si uchawi

Ndugu yangu wa Nkuhungu, umeuliza kama umfukuze paka wako mweusi, kwa kuwa majirani wanadai kwamba kulala kwake pamoja na mbwa wa nyumba ya pili ni kazi ya wachawi. Nakuomba sana usimfukuze.

Paka aliyezoeshwa mbwa akiwa na umri wa kati ya wiki 2 na 7, na mbwa aliyezoeshwa paka kabla ya kutimiza miezi 3, humhesabu mwenzake kuwa wa nyumbani, na mazoea hayo aghalabu hudumu hata wakishakua. Tena, usiku wa Dodoma mwezi Juni na Julai ni wa baridi na upepo, na mnyama yeyote hutafuta ubavu wenye joto. Macho yanayowaka gizani, ambayo nadhani ndiyo yanayowatisha watu zaidi, yana utando kwa nyuma unaorudisha mwanga wa tochi. Mbwa anao, na hata mbuzi na ng'ombe wetu wanao. Rangi nyeusi hurithiwa kutoka kwa wazazi, basi.

La kuhofia kweli ni kichaa cha mbwa, ambacho humpata paka pia. Zungumza na jirani yako muwapeleke wote wawili kwa daktari wa mifugo wapate chanjo, kisha uwaeleze wazee wa mtaa haya yote kwa heshima, maana kwa uvumi wa namna hii paka wengi wasio na hatia hupigwa mawe.