Maswali Yenu: Kazi ya Teknolojia Inapogusa Dhamiri

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na Kakamega, kwa vijana wanaozifanyia kampuni kubwa za teknolojia kazi kupitia wanakandarasi, na wengine wanaotamani kuajiriwa huko. Tumejibu nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa na wengi.

*Wahariri, salamu. Hapa Kisumu nafanya kazi ya kuwekea picha lebo za kufunzia akili unde. Kwa wiki sita sasa picha zote zimepigwa kutoka juu, nasi tunachora visanduku kuzunguka watu na magari. Tukimuuliza msimamizi mteja ni nani, anasema si kazi yetu kujua. Sitaki mkono wangu uwemo kwenye silaha. Niulize vipi bila kupigwa kalamu?*

Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2018 zaidi ya wafanyakazi 3,000 wa Google walitia sahihi barua ya kupinga Maven, mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa kutumia akili unde kutambua vitu katika video za droni. Juni mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba mkataba ule ukiisha haitauongeza. Lakini picha za kutoka juu hutumika pia kuhesabu magari barabarani, kupima mafuriko na kukagua mashamba. Kwa hiyo bado hujajua, na asiyejua huanza na swali. Tuhuma zisubiri.

Kabla ya kumuuliza mtu, soma tena mwongozo wa kazi uliopewa, hasa orodha ya lebo. Orodha hiyo husema mengi kuliko msimamizi. Mpango wa kuhesabu magari utataka "gari dogo", "basi", "lori", "pikipiki". Ukikuta mtu ametenganishwa na "mtu aliyebeba kitu", au lori la kawaida limetenganishwa na la kijeshi, au unaambiwa uunganishe visanduku vya mtu yule yule kutoka picha hadi picha ili afuatwe anakokwenda, hapo una jambo la kuandika. Mifano hiyo haithibitishi silaha, ila inaonyesha kwamba anayetafutwa ni mtu.

Kisha fungua daftari la kawaida na uliweke nyumbani. Andika tarehe, saa, jina la mradi kama linavyoonekana kwenye skrini, ulichoagizwa kufanya, na aliyekuagiza. Usipige skrini picha, wala usijitumie faili kwa barua pepe yako. Hapa ndipo wengi wenye haki huangukia. Hoja yao ilikuwa safi, lakini mwajiri akapata kosa la pili lililo rahisi kulithibitisha: kutoa data ya mteja nje. Kama picha zinaonyesha watu wanaotambulika, unaweza pia kujikuta unagongana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Maelezo uliyoandika kwa mkono wako kuhusu siku yako ya kazi ni jambo tofauti na faili ya mteja, ingawa nayo yasome sambamba na kipengele cha siri katika mkataba wako.

Sasa barua. Ukurasa mmoja unatosha. Sema unachofanya, sema kinachokutia wasiwasi kwa kutaja lebo zenyewe, kisha uliza mambo matatu: kazi hii inatumiwa kwa nini, je, kuna matumizi ya kijeshi au ya upelelezi, na mfanyakazi asiyetaka mradi huu anaweza kuhamishiwa mradi mwingine? Omba jibu la maandishi ndani ya siku 10 za kazi. Usiandike "mnaua watu". Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kuwasilisha malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yakionyeshwa kuwa ya kutowajibika na yasiyo na msingi. Shika maneno hayo ya mwisho. Barua ya maswali yenye mifano mitatu ina msingi. Barua ya matusi inampa mwajiri mlango wa kupitia.

Usiandike peke yako kama unaweza kuepuka. Mtu mmoja huitwa mkorofi, lakini watu kumi na wanane kutoka zamu mbili ni suala ambalo meneja lazima alipeleke juu. Majina yapangwe kwa alfabeti ili asionekane kiongozi, na kila mtu asaini siku moja, kwa sababu barua inayozunguka wiki nzima hufika kwa meneja kabla haijakamilika. Mjipange kwa simu zenu wenyewe na nje ya saa za kazi. Kompyuta ya kampuni na vikundi vya gumzo vya kampuni ni mali ya kampuni, na yaliyomo yanaweza kusomwa.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria hiyo ya Ajira kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, na ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Muombe mwenzako aandike kila kinachosemwa. Na wakikufuta, usitie sahihi siku hiyo hiyo karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, mwonyeshe wakili. Una miezi 3 ya kumpelekea afisa wa leba malalamiko ya kufutwa kwa njia isiyo ya haki, na miaka 3 ya kwenda mahakamani. Fidia ya kufutwa huko haizidi mshahara wa miezi 12. Na kama ulifanya kazi angalau wiki 4 mfululizo, cheti cha utumishi ni haki yako hata kama mmeachana kwa ugomvi.

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, Kakamega. Nataka kufanya kazi katika timu ya maadili ya kampuni kubwa ya akili unde. Je, timu hizi zina nguvu kweli, au ni pambo?*

Baadhi zimefanya kazi ya kuheshimika. Mfano tunaoupenda ni wa Twitter, 2021. Watu walikuwa wamelalamika kwamba programu yake ya kukata picha ili zitoshe kwenye skrini huchagua nyuso za weupe. Timu ya maadili ilipima, ikapata tofauti ya asilimia 4 kwa faida ya weupe dhidi ya weusi, na asilimia 8 kwa faida ya wanawake dhidi ya wanaume. Kwenye simu picha za kawaida zikaanza kuonekana nzima bila kukatwa na mashine, na timu ikachapisha matokeo hayo hadharani. Hivyo ndivyo kazi hii inavyotakiwa kuwa: lalamiko, kipimo, badiliko, tangazo. Novemba 2022, baada ya kampuni kupata mmiliki mpya, timu hiyo ilivunjwa katika upunguzaji wa wafanyakazi.

Haikuwa peke yake. Timnit Gebru, aliyeongoza timu ya maadili ya akili unde ya Google pamoja na Margaret Mitchell, aliondoka Desemba 2020 baada ya mvutano juu ya makala ya utafiti kuhusu hatari za mifumo mikubwa ya lugha. Yeye alisema amefutwa, kampuni ikasema imekubali kujiuzulu kwake. Mitchell alifutwa Februari 2021. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilivunja timu yake ya ubunifu wenye uwajibikaji Septemba 2022. Microsoft ilifunga timu yake ya maadili na jamii mapema 2023, ingawa ilibakiza ofisi inayotunga kanuni. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilivunja timu iliyoshughulikia udhibiti wa mifumo ya siku zijazo Mei 2024, haijamaliza hata mwaka.

Kinachoziua ni mahali zilipowekwa. Timu ikiwa chini ya mkuu yule yule anayepimwa kwa kasi ya kutoa bidhaa, kila "subiri" yake ni hasara kwa bosi wake. Timu ikiitwa wiki mbili kabla ya uzinduzi, hakuna inachoweza kubadilisha isipokuwa maneno ya tangazo.

Kwa hiyo kwenye mahojiano uliza: timu inaripoti kwa nani? Inaingia mradi ukiwa wazo au ukiwa umekwisha kujengwa? Ni bidhaa gani ilisimamishwa au kubadilishwa kwa sababu yenu, na mwaka gani? Nani anaidhinisha utafiti kabla ya kuchapishwa, na anaweza kuuzuia kwa sababu zipi? Swali la tatu ndilo kipimo. Anayefanya kazi yenye meno atakupa mfano papo hapo, hata akificha jina la bidhaa. Ukisomewa orodha ya kanuni, umejibiwa. Kumbuka pia kwamba ahadi iliyoandikwa na kampuni hufutwa na kampuni. Baada ya Maven, Google iliandika kwamba haitatengeneza akili unde ya silaha. Februari 2025 ahadi hiyo iliondolewa.

*Nakuru hapa. Mwajiri wangu ni mwanakandarasi, lakini maudhui ninayokagua ni ya kampuni ya Marekani. Nalala nikiona video zile. Nilitia sahihi mkataba wa siri. Naweza kumwambia nani, na kampuni kuu inaweza kushtakiwa hapa kwetu?*

Pole sana, ndugu yetu. La kwanza ni afya. Mkataba wa siri haukuzuii kumwambia daktari kinachokusumbua, wala wakili, wala afisa wa leba. Nenda hospitali na umweleze daktari kwamba kazi yako ni kutazama video za ukatili, saa ngapi kwa siku, tangu lini. Hakikisha ameandika hayo kwenye faili yako. Bila maneno hayo, miaka miwili baadaye utakuwa na cheti kinachosema "ukosefu wa usingizi" tu, na mwajiri atasema ni mambo ya nyumbani.

Kuhusu kushtaki, ndiyo, inawezekana. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekagua maudhui ya Facebook jijini Nairobi na kufutwa kazi 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, alishtaki Meta na mwanakandarasi Sama mwaka 2022. Meta ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja hiyo Februari 2023. Mwezi uliofuata wakaguzi wengine nao wakashtaki, idadi yao baadaye ikazidi 180, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi ziendelee. Katika kesi ya hao wakaguzi, ripoti za daktari zilizowasilishwa zilionyesha zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Unaona kwa nini tumesisitiza faili ya hospitali.

Huhitaji kusafiri hadi Nairobi. Mahakama hiyo inaketi Nakuru na Kisumu pia, na kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, dai la ajira husikilizwa na hakimu.

*Sisi ni watu 23 katika ofisi moja, Kisumu. Tunataka kugoma siku moja kupinga mradi fulani, kama walivyofanya wafanyakazi wa Google. Tunalindwa?*

Kwa mgomo wa namna hiyo, hapana, na tunawasihi msiufanye kabla ya kuelewa kwa nini. Mnaowataja walitoka ofisini tarehe 1 Novemba 2018, watu wapatao 20,000, kuhusu namna kampuni ilivyoshughulikia dhuluma za kingono. Idadi yao iliwakinga. Aprili 2024 wafanyakazi wachache walipoketi ndani ya ofisi za kampuni hiyo hiyo kupinga mkataba wake na serikali ya Israeli, watu kama 50 walifutwa kazi.

Kwetu, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 hulinda mgomo unaohusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, baada ya upatanisho kushindikana, na baada ya notisi ya maandishi ya siku 7. Kupinga mteja wa mwajiri hakumo. Lakini haki ya kuambiwa mradi ni wa nini na haki ya kuukataa bila adhabu zinaweza kuandikwa kama masharti ya kazi, na hayo chama kinaweza kuyajadili. Zaidi ya wakaguzi 150 walipiga kura Nairobi tarehe 1 Mei 2023 kuanzisha chama chao.

Mkitaka njia hiyo, msianze kuandikisha wanachama. Sheria inataka kwanza cheti cha Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi kinachowaruhusu kuandikisha. Ombi lake husainiwa na watu 2, na mkishapata cheti mna miezi 6 ya kuomba usajili wenyewe. Mkikusanya sahihi na pesa kabla ya cheti, mnaweza kurudishwa mwanzo, na majina yenu tayari yako mezani kwa mwajiri. Kama kuna chama kilichosajiliwa ambacho katiba yake inagusa kazi yenu, kujiunga nacho ni haraka zaidi. Mwajiri analazimika kukitambua kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, kwa hiyo hesabuni kwanza: kama ofisi nzima inayo watu 60 wa namna hiyo, 23 hamjatosha, mnahitaji 31.