Maswali ya Wasomaji: Ukerewe wakati wa kiangazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu, wakazi wa Nyegezi hapa Mwanza, tunakusudia kumpeleka mama mkwe pamoja na watoto wetu wawili kisiwani Ukerewe kwa siku tatu mwishoni mwa Julai. Jirani yetu anadai kwamba wakati wa kiangazi ziwa hutulia, mvua hukatika kabisa na mbu huisha. Je, ni kweli? – Msomaji wa Nyegezi

JIBU: Jirani yenu amepatia kuhusu barabara za vumbi, ambazo kwa kweli hupitika vizuri zaidi katika miezi hiyo, lakini kuhusu ziwa amekosea, tena pakubwa. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Victoria kwa nguvu inayotosha kuyachanganya maji ya juu na yale ya kilindini. Kwa hiyo anga inaweza kuwa nyeupe bila hata wingu moja, na bado meli ikayumba pale inapotoka Ghuba ya Mwanza na kukata mdomo wa Ghuba ya Speke kuelekea Nansio, bandari ya Ukerewe. Mama mkwe akae sitaha ya chini, katikati ya meli, ambako myumbo hausikiki sana. Iwapo anaogopa maji, mpitisheni Bunda hadi Kisorya, ambako kuna kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Safari ya gari ni ndefu, lakini ya majini ni fupi.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi kuliko upepo ni shehena. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, kiangazi hikihiki ambacho jirani anakisifu, kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa jirani cha Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliofariki peke yao walizidi 220. Najua watoto watataka kuvuka kwenda Ukara kuliona jiwe linalocheza, nami siwazuii, ila mkikuta chombo kimejaa watu na magunia hadi mlangoni, subirini kingine hata kama nauli mmekwisha kulipa, na kila mmoja wenu avae boya.

Mvua hupungua sana, lakini haikatiki kabisa, kwa kuwa ziwa lenyewe huweza kuzaa radi na manyunyu ya usiku. Mbu nao wapo, hivyo chandarua ni lazima. Watoto wasiachwe kuchezea maji ya kina kifupi yenye majani, kwani humo ndimo wanamokaa konokono wanaoeneza kichocho, na jua kali haliwaui. Bebeni pia masweta: usiku wa Julai, upepo ukitoka ziwani, una baridi ambayo wageni wengi hawaitarajii.

Kabla ya kupanga tarehe, tazameni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa kuwavuta samaki, kwa hiyo hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Mkifika wakati wa giza mtaona taa zimetapakaa ziwani kama mji ulioota juu ya maji, na asubuhi mtawakuta akina mama mwaloni wakiwaanika dagaa waliomwagwa kutoka kwenye ndoo, kisha wakirudi kuwageuza kabla upande wa juu haujakauka sana. Dagaa wa kiangazi hukauka vizuri kwa sababu hawanyeshewi, na kwa maoni yangu ndio zawadi ya kurudi nayo nyumbani. Shikeni wachache mkononi: waliokauka sawasawa huvunjika, hawapindi.

SWALI: Nina siku moja tu na fedha kidogo. Je, kuna kisiwa cha karibu? – Msomaji wa Igoma

JIBU: Nenda Saanane, mwendo mfupi kwa boti kutoka mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, nayo ni ndogo kuliko zote nchini. Kiangazi nyasi zake hunyauka, jambo linalorahisisha kuwaona swala pala, na pimbi hujianika juu ya majabali asubuhi. Vaa viatu vya kufunika mguu, na uwahi, kwa sababu ikifika saa sita mchana mawe yale huwa yamepata moto na pimbi wote wamekwisha kujificha kwenye nyufa.