App inanirudishia nyimbo zilezile, nifanyeje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Morogoro, muziki napenda sana ila app ninayosikilizia imenichosha, nikiplei singeli moja tu basi wiki nzima wasanii walewale watano. Nawataka wale wasio na lebo kubwa, halafu na shoo za laivu zilizorekodiwa vizuri, sio zile za simu jamaa wa pembeni anapiga mayowe. Naanzia wapi? Bando langu lenyewe la kuungaunga. (Mdau wa Moro)

JIBU: Mdau salama kabisa, pole na hiyo app. Yenyewe kazi yake ni kukupa kinachofanana na ulichokwisha kusikiliza, kwa hiyo ukitaka kipya fuata watu. Ingia Bandcamp, ipo tangu 2008, msanii anaweka kazi yake na bei anapanga mwenyewe, nyingine unaruhusiwa hata kuandika sifuri. We si umetaja singeli, basi anza na Sounds of Sisso ya 2017, vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati, Dar, ila iliyoitoa ni lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes (hii huwa inaniuma kidogo, Mburahati tunapita kila siku na daladala).

Sasa ukishafungua hapo usiishie kuplei. Tafuta vile vipicha vidogovidogo vya watu walionunua hiyo albamu, bonyeza kimoja, linafunguka kabati lote la huyo mtu, alivyolipia vipo mle, labda awe ameficha baadhi. Kuna siku niliingia kwenye kabati la jamaa hata simjui, saa nne usiku nipo kwenye singeli, kuja kushtuka saa nane nasikiliza vinanda vya kanisani. Mtu aliyetoa hela yake mfukoni namwamini kuliko app.

Za laivu nenda archive.org, kuna sehemu inaitwa Live Music Archive, ilianza 2002, shoo zimepita 200,000 na bendi zenyewe zimeruhusu. Taarabu usiitafute kule, wengi ni Wamarekani wa magitaa wanaoweza kukaa kwenye wimbo mmoja dakika ishirini, na Grateful Dead ndo wamejaa maana walikuwa wanawaachia mashabiki waje na mashine zao warekodi. Soma maelezo kabla hujapakua: SBD sauti imetoka moja kwa moja kwenye mixa, safi ila makofi unayasikia kwa mbali kama jirani, AUD mtu kasimama na maiki katikati ya watu, Matrix wamechanganya zote mbili na mimi ndo naipenda. Shoo moja unaweza kuikuta mara tatu, kila mrekodi na yake, onja wimbo mmoja mmoja kwanza.

Za nyumbani, tamasha la Sauti za Busara wana chaneli yao YouTube, utaona Ngome Kongwe kule Zanzibar inavyowaka.

Kuhusu bando, saa moja ya MP3 ya 128 (hiyo ni kbps, namba ikipanda sauti inakuwa nzuri zaidi na bando linakwenda zaidi) ni kama MB 58, ya 320 inafika 144, FLAC, yaani faili la sauti isiyopunguzwa kitu, inazidi hapo mara mbili na kitu, hiyo iache mpaka upate waifai ya mtu. Na siku ukiamua kununua jua bei nyingi ni za dola, mimi mara ya kwanza kadi ilikataa nikalaumu mtandao nusu saa nzima, kumbe salio limepungua kama shilingi mia tatu hivi.