Dogo, weka kopo hilo chini: maneno machache kuhusu vali za BCD

Pita nyuma ya kituo chochote cha kuzamia, kuanzia Nungwi hadi Watamu, penye kamba za kuanikia. Utakuta BCD (makoti yenye mfuko wa hewa wa kumsaidia mzamiaji kuelea) zimetundikwa zikiwa zimesinyaa, inflata (vishikio vyenye vitufe vya kujazia na kutolea hewa) zinadondosha maji, na kijana mgeni wa kazi amekaa juu ya kreti la soda akipuliza mafuta ya kopo kwenye kitufe kilichokwama. Kitufe kinalegea, kijana anatabasamu, koti linarudi msumarini. Baada ya siku mbili kimekwama tena, safari hii pamoja na mchanga uliogandia mafuta. Tunawapenda, wadogo zetu, lakini mnatuchosha. Haya hapa, kwa namba, ili msiseme hamkuambiwa.

1. Maji ya kuoshea. Bahari yetu ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Mgeni akipanda botini na nusu lita ndani ya koti (na hupanda nayo, maana kila anapotoa hewa kwa kitufe huku inflata imezama, maji yanapata njia), umepokea gramu 17 za chumvi, yaani vijiko vitatu vya chai. Ukilitundika hivyo, maji yataondoka na chumvi itabaki pale unapoogopa: kwenye viti vya vali. Kwa hiyo kuosha nje peke yake ni kuoga na nguo. Bonyeza kitufe cha kutolea hewa, mimina maji safi yasiyo na chumvi kwa mdomo wa inflata hadi theluthi moja ya mfuko, jaza hewa, tikisa, pindua juu chini. Kisha toa maji hayo kwa kugawa: kidogo kwa vali ya bega, kidogo kwa vali ya nyuma, kidogo kwa kiwiko cha hosi ya mikunjo, na ya mwisho kwa inflata. Kila vali ipitiwe na maji safi. Rudia mara ya pili. Halafu jaza hewa nusu, tundika kivulini.

Na hayo maji safi, ni safi kweli? Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au ya chumvi chumvi, na beseni lililochovya makoti kumi asubuhi limeshakuwa bahari ndogo. Onja kwa ncha ya ulimi. Ukikunja uso, badilisha.

2. Vali ya kumwagia hewa ya nyuma, ile yenye kamba na kirungu. Ndiyo pia vali ya usalama: mfuko ukijaa kupita kiasi, springi inashindwa na hewa inatoka yenyewe. Presha inayoifungua ni ndogo sana, hivyo na springi yake ni laini, na kitu kilaini hakiwezi kusaga punje ya mchanga. Punje moja ya ule mchanga wetu mweupe wa matumbawe ikikaa chini ya kisahani cha silikoni, koti linavuja usiku kucha.

Kuifungua ni kazi ya dakika tano. Piga picha kwanza. Fungua kifuniko kwa mkono. Kikigoma, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, usikimbilie plaizi, maana plastiki hiyo ikipasuka hakuna gundi. Angalia springi imekaa upande gani, kwa sababu nyingi zina upande mpana na upande mwembamba. Osha kisahani kwa maji na sabuni kidogo, kifute kwa kidole na si kwa kitambaa kinachoacha nyuzi. Kikunje kidogo kwenye mwanga: kikiwa na mkato au ukingo uliopinda, hakirudi. Kiti chake kipige mswaki laini. Wakati wa kufunga, zungusha kifuniko kinyume kwanza mpaka usikie nyuzi za kifuniko zimedondokea mahali pake, ndipo ukaze, tena kwa vidole tu.

Halafu tazama kamba. Watu hubadilisha kisahani, springi na washa ya chini, koti bado linavuja, kumbe aliyefunga kamba mpya aliikata fupi. Mfuko ukiwa mtupu kamba imelegea, mfuko ukijaa unatanuka na kuivuta, vali inafunguka nusu milimita. Jaza koti hadi mwisho, kisha ushike kirungu: lazima kicheze.

3. Inflata. Hapa hatufundishi, tunaungama. Kosa hili si lenu, ni letu tuliowatangulia, na tumelifanya wengi.

Ndani ya kitufe cha kujazia, kwenye inflata nyingi, mna kivali chenye pini katikati, ndugu pacha wa kile cha tairi la gari. Hapo ndipo shetani anapoingilia. Kivali cha asili kimeliwa na chumvi, kinapumua kidogo kidogo. Kipya kinakuja kwenye begi la mwalimu atakayerudi kutoka Ulaya mwezi ujao. Wageni wanane ni kesho saa mbili asubuhi. Fundi pancha yuko barabarani pale, hatua hamsini. Mmoja anakwenda, anarudi na kivali kwa bei ya soda. Nyuzi zinakubali. Unaunga hosi, unabonyeza: psss. Unaachia: kimya. Karakana nzima inapiga makofi, na aliyekwenda anaitwa injinia.

Kilichofichika ni hiki. Kivali cha tairi hukaa kwenye presha ya baa mbili na ushee, na hufunguliwa labda mara moja kwa mwezi, pakavu. Cha inflata hukaa kwenye baa 9 au 10, na hubonyezwa mara kadhaa katika kila mbizi, kikiwa kimezungukwa na maji ya chumvi. Springi ya kile cha tairi haikuchaguliwa kwa kazi hiyo, inaanza kutu mapema. Tena urefu wa pini si ule ule. Ikiwa ndefu kidogo tu, kitufe kinailalia muda wote na hewa inapenya kama uzi. Ikiwa fupi, mgeni anabonyeza na hapati kitu, anasindilia kwa gumba, mara hewa inakuja yote kwa pamoja.

Juu ya boti huoni lolote. Mita 18 chini mgeni anaanza kuelea, anamwaga, anaelea tena. Mwalimu anamwonyesha ishara ya kupumua taratibu, kwa sababu kila mwalimu anaamini tatizo ni mapafu ya mgeni. Kisha wanapanda hadi mita 5 kwa dakika tatu za kusimama kwa usalama. Mtungi wa alumini wa lita 11 ulioshuka kutoka baa 200 hadi 50 umepoteza lita 1,650 za hewa, yaani karibu kilo 2, na mgeni sasa ni mwepesi kuliko alivyoshuka. Uzi ule wa hewa bado unaingia, na kila anachopanda kinaikuza: kutoka mita 5 hadi juu, hewa iliyomo hutanuka kwa nusu ya ujazo wake. Anapaa huku ameinua mikono, hajagusa kitufe chochote, kuelekea mahali penye boti za wavuvi na panga zao za injini.

Na sisi tulifanya nini? Tulimwongezea risasi ya uzito mkandani, kilo moja. Mbizi iliyofuata, kwa kuwa ni mzito, alijaza hewa zaidi chini, kwa hiyo alikuwa na hewa nyingi zaidi ya kutanuka njiani. Kosa tulilizika chini ya kosa, tukalipigilia na kilo ya risasi. Mgeni akaandikwa daftarini kuwa hajui kujisawazisha. Hakuna aliyetaja kivali cha fundi pancha, kwa kuwa injinia alikuwa mtu wetu.

Basi: kivali hununuliwa kwa mtengenezaji wa inflata ile ile, viwekwe viwili vya akiba kwenye kopo lenye jina lake, na inflata isiyo na kivali chake inavuliwa kotini na kufungwa utepe mwekundu hata kama wageni ni wanane. Mpe mgeni koti la mwalimu. Mwalimu akae botini, atalalamika vizuri tu.

Kivali cha asili kikikwama kwa chumvi peke yake, loweka inflata kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15. Siyo usiku kucha, kromu itabanduka. Suuza, unga hosi, puliza mpaka ikauke. Na kile kiungio cha hosi ya presha, ile shingo inayovutwa, isuuze pia: mgeni akipaa, dawa ni kuichomoa huku anamwaga hewa, na shingo iliyoganda haichomoki kwa mkono uliopaniki.

4. Kabla hujailaumu inflata, pima presha ya kati, yaani ile inayotoka hatua ya kwanza ya regulata (kifaa cha kupumulia) kwenda kwenye hosi. Geji ya kuchomeka kwenye hosi ya BCD haina gharama kubwa. Kwa regulata nyingi isome baa 9 hadi 10 na itulie hapo. Ikipanda polepole ndani ya dakika tano, mgonjwa ni hatua ya kwanza ya regulata, na kivali kinasukumwa tu.

5. Grisi ya silikoni: kidogo, ing'arishe oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) bila kuacha donge, na isiguse kisahani cha silikoni cha vali ya kumwagia, maana silikoni juu ya silikoni huvimba. Kwa naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) tumia grisi ya oksijeni. Mafuta ya kopo ni ya bawaba za mlango.

6. Majaribio ni mawili, na watu hufanya moja. La kwanza: jaza mpaka vali ya usalama ipumue, iache ijifunge, acha koti ndani ya chumba hadi asubuhi. Usijaze juani saa nane mchana halafu ushangae jioni limelegea. Hewa imepoa, haijavuja. Likilegea kweli, pita na povu la sabuni, lakini kumbuka koti lenye mifuko miwili, wa ndani na wa nje, hutoa povu mbali na tundu. Tumeshuhudia gundi ya thamani ikibandikwa kwenye mshono mzima usio na kosa, wakati washa ya chini ya vali ilikuwa imepinda. La pili, linalosahauliwa: nyonya hewa yote mpaka mfuko ushikane, unga hosi, fungua mtungi, usiguse kitufe, kaa dakika 15. Mfuko ukianza kunenepa, umempata mwizi. Kisha bonyeza haraka mara kumi, na mara nyingine kwa pembeni ya kitufe, kama gumba lenye glavu linavyobonyeza. Kirudi chenyewe kila mara.

7. Viwanda vingi husema huduma kamili mara moja kwa mwaka au kila mbizi 100, lolote litakalotangulia. Koti la kukodisha lenye mbizi mbili kwa siku linafikisha mbizi 100 ndani ya siku 50, kwa hiyo msisubiri mwaka. Masika, kituo kikifungwa, ndio wakati wa kufungua kila vali, na makoti yahifadhiwe na hewa kidogo ndani ili kuta zisigandane.

Sasa lile beseni la pili, lenye panzi anayeelea, nani alisema ni la kusuuzia?