Nyekundu ya Udongo: Maana Yake, na Sababu ya Kubadilika Kutoka Skrini Hadi Ukutani

Swali: Ninasanifu nembo, tovuti na ukuta wa mapokezi wa ofisi inayotoa ushauri wa mazingira. Mteja amechagua nyekundu ya udongo, lakini kwenye skrini inaelekea rangi ya chungwa, ukutani inakuwa nzito mithili ya kahawia, na maandishi meupe juu yake hayasomeki vizuri. Rangi hii hubeba maana gani, na nifanyeje ili itulie kila mahali?

Jibu: Ndugu msomaji, jina hilo moja hubebeshwa rangi nyingi zinazotofautiana sana kwa mwangaza, na hapo ndipo matatizo yako yote matatu yanapoanzia. Kabla ya kufikiria rangi za kuambatana nayo, amua kwanza iwe ya giza au ya mwangaza kiasi gani, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaoamua kama maandishi yatasomeka, kama ukuta utaelemea, na hata hisia atakayoipata mgeni anapoingia.

Nianze na maana. Wekundu huu hutokana na chuma: hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma, ndiyo inayoupa wekundu udongo na matofali yaliyochomwa. Udongo wa manjano wenye goethiti nao ukipashwa moto hupoteza maji yaliyofungamana na madini hayo, ukageuka mwekundu. Binadamu ameutumia tangu zamani mno. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, vilipatikana vipande vya udongo huo vilivyochorwa mistari kwa makusudi yapata miaka 75,000 iliyopita. Kwa hiyo tunapoihusisha rangi hii na ardhi, ukongwe na uthabiti, hatufuati mtindo wa matangazo ya biashara, bali tunaitambua mali yenyewe. Oksidi ya chuma haipaushwi kirahisi na jua wala haiharibiwi na ukali wa chokaa au saruji, ndiyo maana imedumu kwenye kuta za nje kwa karne nyingi.

Nyekundu kali hushtua, nasi huitumia kuonya na kusimamisha. Ukiupunguza ukolevu wake na kuivuta kuelekea kahawia, mshtuko hupungua huku joto lake likibaki. Hata hivyo, majirani wake huibadilisha maana: ikiwa kando ya rangi ya maziwa na kijani kilichofifia husomeka kama ardhi yenye uhai, lakini kando ya kijivu chenye ubuluu husomeka kama kutu na kiwanda. Kwa ofisi ya mazingira ningekuwa mwangalifu hasa hapo, kwa sababu ikiachwa peke yake yaweza kumkumbusha mtazamaji ardhi kavu iliyomomonyoka, jambo ambalo mteja wako hakulikusudia.

Sasa tuje kwenye skrini. Linganisha misimbo miwili ya rangi za skrini ambayo yote huitwa nyekundu ya udongo: #E2725B na #A0522D. Wa kwanza ukiwekewa maandishi meupe hutoa uwiano wa utofauti (yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake) wa takriban 3.1 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, katika kiwango chake cha kati kiitwacho AA hudai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Wa pili hutoa takriban 5.6 kwa 1, na maandishi meupe hukaa juu yake bila shida. Nashuku umetumia rangi inayokaribia ule wa kwanza. Iwapo mteja anaipenda hiyo nyepesi, ibakishe kama mandhari na uandike kwa nyeusi, ambayo huupa uwiano wa karibu 6.8 kwa 1. Usijaribu kuyaokoa maandishi meupe kwa kuyanenepesha tu.

Ukutani mambo hugeuka. Rangi yenye mwangaza wa #A0522D hurudisha takriban asilimia 14 tu ya mwanga ukilinganisha na nyeupe kamili, na #E2725B hurudisha karibu asilimia 29, kwa hiyo ile iliyokupendeza kwenye tovuti itakitia chumba giza. Isitoshe, eneo kubwa huifanya rangi ionekane imekolea kuliko kwenye kipande cha sampuli, na kuta zenye rangi moja zinazotazamana hupeana mwanga uliokwisha kuwa mwekundu. Ipake kwenye ukuta mmoja, na ikiwezekana uchague toleo jepesi kidogo kuliko la nembo. Paka sampuli ya upana wa mita moja, uitazame asubuhi, alasiri na usiku chini ya taa zitakazotumika. Taa za LED zisizo na wekundu wa kutosha katika mwanga wake huifanya rangi hii ionekane chafu, na kosa hilo halirekebishwi kwa kubadilisha rangi ya ukuta. Badilisha taa.

Kuhusu rangi za kuambatana nayo, nyeupe iliyo na umanjano kidogo huipokea vizuri kuliko nyeupe yenye ubuluu, na buluu iliyotulia huipa upinzani ulio safi, kwa kuwa ndiyo inayokaa mkabala nayo kwenye duara la rangi. Kijani cha zeituni kinafaa kwa maana ya mazingira, ila kisikae na nyekundu hii katika mwangaza ulio sawa: wenye upofu wa rangi nyekundu na kijani wataziona kama rangi moja, na mchoro wowote wa takwimu unaotegemea tofauti hiyo utapotea machoni pao. Acha pengo kubwa la mwangaza kati yake, au ongeza alama na maandishi.

Katika uchapaji, rangi hii hujengwa hasa kwa wino wa manjano na majenta (wekundu wa waridi), na ongezeko dogo tu la sayani (buluu yenye ukijani) huifanya iwe na tope. Nembo ikichapishwa mara kwa mara, ni heri ichanganyiwe wino wake maalumu, na nakala ya majaribio ikaguliwe kwenye karatasi ileile itakayotumika, kwani karatasi isiyong'aa hunyonya wino na kuifanya rangi ionekane imefifia.