Jibu: S4 na mpangilio vinakutana wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini S4, mfumo mmoja wa mantiki ya modali (mantiki ya "lazima" na "huenda"), hutajwa pamoja na nadharia ya mpangilio, yaani hisabati ya kipi kinatangulia kipi. Chukua mfano wa gari la matatu la Mombasa lenye vituo hivi: Buxton, Kongowea, Bamburi, Mtwapa, bila kurudi nyuma. Kituo "kinakiona" kingine ikiwa gari laweza kukifikia kutoka hapo. Ukiwa kituoni, "lazima p" (p ni kauli yoyote) maana yake p ni kweli hapo ulipo na vituo vyote vya mbele.

"Ikiwa lazima p, basi p" inadai kila kituo kijione chenyewe. "Ikiwa lazima p, basi lazima lazima p" inadai Kongowea ikiiona Bamburi, na Bamburi ikaiona Mtwapa, Kongowea nayo iione Mtwapa. Huo tayari ni mpangilio, ila mlegevu. Gari likiruhusiwa kurudi, kila kituo kinaona vyote. Hiyo ni S5, mfumo wenye nguvu kuliko S4.

Utamu uko hapa, na mimi mwenyewe palinisumbua: sharti la tatu, linaloufanya mpangilio usiwe mlegevu, kwamba vituo viwili tofauti visionane kila kimoja na mwenzake, hakuna fomula ya modali inayoweza kulidai! Mwanamantiki Kripke alizieleza modeli hizi za vituo vinavyoonana, lakini kabla yake mwanamantiki Gödel alishaitafsiri mantiki ya uintuishoni (ambamo kauli ni kweli pale tu inapothibitishwa) ndani ya S4 mwaka 1933. Anzia hapo, kisha uje na swali la topolojia.