Las Vegas Mara ya Pili: Ushauri kwa Wanaosafiri na Marafiki

Mara ya kwanza nilipofika Las Vegas nilikuwa peke yangu, nimetumwa kuhudhuria mkutano wa kikazi, na kwa siku tatu nilitoka nje ya hoteli mara mbili tu. Ukumbi wa mkutano, chumba cha kulala, migahawa na kasino vilikuwa chini ya paa moja, na ili kufika popote ilinibidi nipite katikati ya mashine za kamari. Katika ukumbi wa kamari hapakuwa na dirisha wala saa ukutani. Niliondoka nikiamini kwamba nimeuona mji huo na kwamba sina sababu ya kurudi. Miaka kadhaa baadaye, marafiki zangu watatu waliponiomba tukapumzike huko siku nne za mwezi Machi, nilikubali kwa ajili yao, si kwa ajili ya mji. Safari hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nianze na fedha, kwa sababu urafiki mwingi huharibikia hapo. Kabla hata ya kukata tiketi za ndege tulikaa tukakubaliana mambo mawili: kila mmoja angetenga kiasi chake cha kuchezea kwa fedha taslimu, akiweke mbali na fedha za chakula na malazi, na kiasi hicho kikiisha hakuna atakayemkopesha mwenzake hata dola moja. Usiku wa kwanza mwenzetu mmoja alimaliza fungu lake katika muda usiozidi saa moja, akatugeukia. Tulikataa. Alinyamaza njia nzima hadi tulipofika kwenye chemchemi za hoteli ya Bellagio, ambazo kuzitazama hakulipiwi, na maji yaliporushwa juu mara ya tatu akaanza kuzungumza tena. Sina hakika kama tungeweza kumkatalia bila makubaliano yale ya awali, na ninawasihi wote wanaosafiri kwa kundi wasiache jambo hili liamuliwe mezani, usiku, mbele ya mtu aliyeshindwa.

Inafaa pia kuelewa hesabu ya michezo yenyewe kabla ya kukaa. Katika ruleti, mchezo wa kubashiri namba ambayo kijipira kitaangukia, gurudumu la Kimarekani lina nafasi 38, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri (0) na sifuri maradufu (00), lakini anayebashiri namba moja na kupatia hulipwa mara 35 ya alichoweka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mapato ya kasino: kwa wastani hubaki na zaidi kidogo ya dola 5 katika kila dola 100 zinazowekwa. Gurudumu lenye sifuri moja tu humpunguzia mchezaji hasara hiyo karibu nusu. Katika mchezo wa karata wa ishirini na moja (blackjack), soma maandishi yaliyo juu ya meza. Meza ya 3 kwa 2 hukulipa dola 15 kwa dau la dola 10 unapopata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo. Meza ya 6 kwa 5 hukulipa dola 12 tu kwa karata zilezile. Sisi tulicheza kidogo na tulifurahi, lakini tulikaa mezani tukijua kwamba tunalipia burudani, kama mtu anavyolipia tiketi ya onyesho.

Kuhusu hoteli, uliza bei kamili. Katika safari yangu ya kwanza hoteli ilinidai, nje ya bei ya chumba, ada ya lazima ya kila usiku ambayo sikuwa nimeitilia maanani wakati wa kuweka nafasi. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe bei ikiwa pamoja na ada za namna hiyo, na hilo linasaidia sana, ingawa ada zenyewe hazijafutwa, na maegesho ya gari mara nyingi hulipiwa kivyake. Kwa watu wanne, tofauti hizo hujumlika haraka.

Sasa nifikie jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Barabara ya hoteli kubwa, ile inayoitwa Strip, ina urefu wa karibu kilomita 6.8, na sehemu yake kubwa haimo ndani ya mipaka ya mji wa Las Vegas: imo katika eneo liitwalo Paradise, chini ya utawala wa kaunti ya Clark. Hata bango maarufu la kuwakaribisha wageni, lililosimamishwa mwaka 1959, liko nje ya mji. Kwa hiyo katika safari ile ya kwanza, niliyodhani imenionyesha kila kitu, sikuwa nimekanyaga mjini kabisa.

Mji wenyewe uko kaskazini, na ulianza mwaka 1905, viwanja vilipopigwa mnada kando ya reli. Mwaka 1931 jimbo la Nevada liliruhusu kamari, na mwaka huohuo ujenzi wa bwawa la Hoover ukaanza, ukileta maelfu ya wafanyakazi karibu na mji mdogo wa jangwani. Tulipanda basi hadi mtaa wa Fremont, tukatembea polepole, kisha tukaenda kwenye makumbusho ya Neon Museum, ambako mabango ya taa ya hoteli na kasino zilizokwisha kufungwa yamepangwa uwanjani. Nashauri mweke nafasi ya jioni mapema, kwa sababu baadhi ya mabango huwashwa giza likiingia.

Hapo nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu. Jengo la kuingilia, lenye paa la mawimbi ya zege, lilikuwa ukumbi wa mapokezi wa moteli ya La Concha, lililochorwa na Paul Revere Williams, msanifu majengo Mmarekani mweusi. Ndani ya uwanja kuna bango la Moulin Rouge, kazi ya Betty Willis, mwanamke yuleyule aliyebuni lile bango la kuwakaribisha wageni. Moulin Rouge ilifunguliwa Mei 1955 ikiwa hoteli na kasino ya kwanza mjini humo iliyowapokea wageni weusi na weupe kwa pamoja. Wakati huo wanamuziki weusi kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walishangiliwa katika kumbi za Strip, kisha wakakatazwa kulala katika hoteli walizozijaza watu. Moulin Rouge ilifungwa kabla mwaka haujaisha, lakini ni hapo hapo, Machi 1960, yalipofikiwa makubaliano ya kuondoa ubaguzi katika kasino za Strip. Nilisimama mbele ya herufi zile za waridi nikikumbuka jinsi nilivyopita mapokezi ya hoteli yangu ya kwanza bila kuulizwa lolote. Yeyote anayedhani Las Vegas haina historia aende akaone herufi zile.

Machi ni mwezi mzuri wa kutembea. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na hoteli inayoonekana iko jirani huweza kuwa mwendo wa nusu saa, kwa kuwa ukubwa wa majengo huyadanganya macho. Viatu vizuri na chupa ya maji ni muhimu kuliko nguo za usiku.

Asubuhi ya mwisho tulikodi gari kwenda kwenye hifadhi ya Red Rock Canyon, upande wa magharibi, safari ya nusu saa hivi. Barabara ya kutazamia mandhari ina urefu wa kilomita 21 na huendwa upande mmoja tu. Kuanzia Oktoba hadi Mei ni lazima uweke nafasi ya muda wa kuingia, na nafasi za asubuhi huwahi kujaa. Miamba myekundu ilikuwa bado baridi tulipoigusa. Hapakuwa na muziki wala taa, na kwa mara ya kwanza tangu tufike sote wanne tulizungumza bila kupaza sauti, kuhusu kazi, wazazi wanaozeeka na mambo ambayo simu haiyatoshi. Tuliiweka safari hiyo mwishoni tukiichukulia kuwa nyongeza. Nyinyi iwekeni asubuhi ya kwanza, mpate siku tatu nyingine za kuyaendeleza mazungumzo hayo. Sisi tulilazimika kuyakatiza ili kurudisha gari na kuwahi ndege.